Mteja akitaka PC ya gemu, mwulize monita kwanza

Kama unauza kompyuta au vifaa vyake mtandaoni, hii meseji unaijua: "Boss, nina laki nane, nataka PC ya gemu. Iwe kali." Basi. Hasemi anacheza gemu gani, hasemi ana monita gani, hasemi kama boksi tayari analo nyumbani. Na wengi wetu tunajibu haraka haraka, kwa sababu tukichelewa dakika kumi ameshahamia kwa mwingine. Tunatuma picha tatu za kadi za grafiksi zenye feni mbili, tunaandika "GB 4, kali sana", tunasubiri muamala.

Mimi nauza kompyuta used na vipuri vyake hapa Dar. Duka sina. Mzigo natoa Kariakoo na kwa watu wanaoshusha kutoka Dubai, wateja wananiona kwenye stetasi na Instagram, na wengi wako mikoani. Wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi pale stendi ya Magufuli. Maana yake kadi ikifika Mwanza ikagoma kuingia kwenye boksi, sina fundi wa kumtuma. Inarudi. Tuseme faida yako kwenye ile kadi ni elfu arobaini. Toa nauli ya kwenda, toa nauli ya kurudi, toa bodaboda mara mbili, halafu ukumbuke hela ya mteja ulishaiweka kwenye mzigo mwingine na sasa anaidai. Kadi moja inayorudi inakula faida ya kadi tatu zilizokaa. Ndiyo maana nikaacha kuanza na kadi. Naanza na monita.

Wengine watashangaa, mbona monita ni kioo tu? Lakini monita ndiyo inayoamua kadi ifanye kazi kiasi gani. Picha kwenye kioo ni nukta ndogondogo, pikseli, na kadi inazichora zote upya kila mara. Monita nyingi za ofisi za inchi 20 ni 1600 kwa 900, hizo ni pikseli 1,440,000. Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ni 2,073,600. Ukipanda 2560 kwa 1440 unafika 3,686,400. Na 4K ni 8,294,400, mara nne kamili ya full HD. Kadi ileile inayokimbia vizuri kwenye full HD itahema kwenye 1440 na kupiga magoti kwenye 4K. Sasa ukimwuzia mtu kadi bila kujua kioo chake, umebahatisha. Siku ukipatia ni bahati, siku ukikosea ni "tapeli huyu" kwenye komenti.

Namba ya pili ya monita ni Hz, yaani kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Monita za ofisi karibu zote ni Hz 60. Kadi ikitoa fremu 140 kwa sekunde kwenye kioo cha Hz 60, mteja ataona picha 60 tu, nyingine zinapotea njiani. Vidole vinaweza kuhisi wepesi kidogo, lakini jicho halitaona tofauti aliyoilipia. Huyo umemwuzia kadi kubwa kuliko kioo chake, na hela iliyobaki ambayo ingenunua monita nzuri imekwisha.

Kwa hiyo meseji yangu ya kwanza kwa mteja nimeihifadhi kwenye simu, nainakili tu. Inasema hivi: "Karibu sana. Ili nisikuuzie kitu kisichokufaa, naomba: gemu mbili au tatu unazocheza zaidi, picha ya nyuma ya monita, pale penye stika na pale penye matundu ya waya, na kama boksi unalo, picha ya mbele na picha ya ndani likiwa limefunguliwa." Ukitaka itumie hivyohivyo. Anayekataa kutuma picha kwa sababu ana haraka, mara nyingi ndiye anayerudisha mzigo. Na anayetuma, ukimwambia "kaka, kwa hiyo monita yako usinunue kadi ya bei hiyo, hii ya chini inatosha", huyo humpotezi tena. Umemwokolea hela, na ameiona kwa macho yake.

Gemu zinagawanyika makundi mawili, kwa maana ya biashara. Kuna watu wa mpira na stori: EA FC, eFootball, GTA V. Hawa Hz 60 inawatosha kabisa, wanataka picha isigande na rangi ziwe nzuri. EA kwenye FC 24 waliweka GTX 1050 Ti au RX 570 kama kiwango cha chini, na GTX 1660 au RX 5600 XT kama kinachopendekezwa. Zingatia pia walitaka nafasi ya GB 100 kwenye diski. Boksi la ofisi lenye SSD ya GB 128 linaweza kuwa na kadi nzuri na bado gemu lisiingie. Hili watu wanalisahau, mteja anakuja kulalamika kadi wakati shida ni diski. GTA V yenyewe ni ya zamani, kadi yoyote kati ya hizi inaimudu.

Kundi la pili ni watu wa kupigana risasi na wenzao mtandaoni: Valorant, Counter-Strike 2, Fortnite. Kwa hawa Hz ni jambo la kweli. Monita ya Hz 144 inabadilisha uchezaji wao kuliko kadi kubwa inavyoweza. Valorant ni gemu jepesi, Riot wenyewe waliitaja GTX 1050 Ti kwenye kompyuta ya kupata fremu 144 kwa sekunde. Kwa hiyo mteja wa Valorant mwenye hela ndogo, mshauri ashushe kadi apandishe monita. Ila prosesa nayo iwe na nguvu, kwa sababu gemu za namna hii zinaibana prosesa kabla ya kuibana kadi. Na akitaka kuicheza kwenye Windows 11, Valorant inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu ambavyo boksi za kizazi cha nne cha Intel kama Dell 9020 hazijakamilisha. Mwambie kabla hajalipa.

Sasa tuje kwenye kadi, maana huku ndiko hela inakopotea.

Ukipita Kariakoo utakuta kadi imeandikwa GB 4 kwa bei ya kuchekesha, na nyingine ya GB 4 bei mara tatu yake. GB ni kumbukumbu ya kadi tu, haina uhusiano wa moja kwa moja na nguvu. GT 730 ya GB 4 ipo, na kwa gemu za leo ni mapambo. GT 1030 ndiyo yenye mtego zaidi, kwa sababu zipo za aina mbili zenye jina lilelile: moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine DDR4, na ile ya DDR4 iko nyuma sana. Boksi zinafanana. Soma maandishi madogo pembeni. Mimi binafsi GT 730 siiweki kabisa kwenye posti ya gemu. Naiuza kwa mtu anayetaka monita mbili za ofisini, na naandika hivyo.

Halafu kuna feki kabisa. Hizi ni kadi za zamani kama GTS 450 ambazo mtu amezibadilisha programu ya ndani ili Windows izisome kama GTX 1050 Ti. Ukiangalia kwenye kompyuta jina linakuja lilelile, GB 4 zinaonekana, kila kitu safi. Ukifungua gemu, inakufa. Alama ya haraka unayoweza kuiona hata kwenye picha ya WhatsApp ni tundu la VGA, lile la bluu lenye matundu 15. GTX 1050 Ti halisi haina VGA. Ukiliona, rudisha mzigo hapohapo. Alama ya pili ni programu ya bure inaitwa GPU-Z, inasoma chipu yenyewe, na kadi nyingi za namna hii inaziandikia neno FAKE mbele ya jina. Weka GPU-Z kwenye flashi, tembea nayo sokoni. Muuzaji wa jumla anayekataa uipime kadi kabla ya kulipa ameshakujibu.

Hili la feki nilieleze kidogo kwa sababu limeumiza watu. Mwaka jana mama mmoja wa Morogoro alinitafuta. Mwanawe alimaliza kidato cha nne, akawa anamsumbua kompyuta ya gemu, na yeye akaona afadhali acheze nyumbani kuliko kushinda kwenye mabanda. Akakopa kikundini kwao, akanunua seti nzima kwa mtu wa mtandaoni. FC haikufunguka hata siku moja. Muuzaji alijibu siku mbili, ya tatu akamblokia.

Nikamwamkia, nikamwomba kijana apige picha ya nyuma ya boksi. Ikaja. Stika ya GTX 1050 Ti, na tundu la VGA la bluu pale katikati. Nikamwambia, "Mama, hiyo kadi siyo." Akanyamaza muda, kisha akaandika: "Mwanangu, mimi hilo deni namaliza mwezi wa nane."

Mimi yule muuzaji simjui, na sina hakika kama alikuwa tapeli. Inawezekana kabisa na yeye aliuziwa, hakuipima, akaiuza na roho safi, kisha alipoona hana hela ya kurudisha akakimbia. Ndiyo hali yetu sisi wadogo. Aliyebadilisha programu ya kadi yuko mbali huko, aliyeshusha kontena hajulikani, ila namba ya simu iliyo kwenye muamala ni ya kwako. Yule mama hamdai mtu wa kontena. Anakudai wewe. Monita yake ilikuwa nzima, Dell ya full HD, na boksi lilikuwa refu la i5. Nikamwekea GTX 1650 wiki tatu akailipa kwa awamu mbili. Ile feki ikabaki ndani ya droo yao, na deni la kikundi likabaki palepale.

Turudi kwenye mzigo. Kwa mteja wa full HD, Hz 60, boksi la ofisi, kadi ambayo hainipi presha ni GTX 1650. Ni ya 2019, GB 4, inakula wati 75, na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Mengine yana tundu la pini 6, kwa hiyo angalia kwanza, usiseme tu "haina waya" kwa mazoea. Siku hizi naipendelea kuliko 1050 Ti hata ile halisi, kwa sababu Nvidia ilisimamisha draiva mpya za gemu kwa kadi za GTX 900 na GTX 10 Oktoba 2025, zimebakiziwa marekebisho ya usalama. Hazijafa, GTA itachezwa miaka. Lakini ukiwa na mtaji mdogo usijaze stoki ya kitu ambacho kampuni imeshaanza kukiaga. Kama hela ipo, RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, nayo inakula wati 70 na haitaki waya. Kuna pia RTX 3050 ya GB 8 ya 2022, hiyo ni kadi nyingine, wati 130, inataka waya. Majina haya yanachanganya, na sidhani ni bahati mbaya.

Wati nimezitaja mara nyingi kwa makusudi. Sloti ya kadi kwenye ubao mkuu inatoa hadi wati 75. Zaidi ya hapo lazima waya: pini 6 inaongeza 75, pini 8 inaongeza 150. Boksi za ofisi tunazouza wengi wetu, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zina pawa saplai za wati 240 hadi 290 hivi, na nyingi hazina huo waya kabisa. Ndipo mtu anapouziwa RX 580, kadi ya wati 185, na fundi wa mtaani anamwambia "tutaunganisha na adapta ya SATA". Usikubali jina lako lihusike na hiyo adapta. Tundu la SATA limetengenezwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12, pini 6 peke yake inaweza kuvuta 75. Plastiki inayeyuka. Kwenye nyumba yenye umeme wa kupanda na kushuka, ni jambo la kuogopa.

Kubadilisha pawa saplai nako siyo rahisi kama kwenye boksi la kawaida. Dell 9020 na HP 800 G1, kwa mfano, zinatumia waya wa aina yao wenyewe kuingia kwenye ubao mkuu, inabidi utafute adapta yake. Dell 7010 ile ndefu inakubali ya kawaida. Hii peke yake ni sababu ya kuuliza modeli kabla ya bei.

Na umbo la boksi, jamani. Lile refu, MT, linaingiza kadi ya kawaida, ila pima urefu, kadi ya feni mbili inaweza kugonga sehemu ya diski. Lile jembamba, SFF, linataka kadi fupi kwa kimo. Zipo GTX 1650 na 1050 Ti za kimo kifupi, bei yake imechangamka kwa sababu wote tunazigombania. Ukiipata, hakikisha imekuja na bati fupi la kufungia. Nimeona watu wanatuma kadi fupi ikiwa na bati refu, ile fupi imebaki Dubai kwenye boksi lake. Mteja anakunja bati kwa koleo, kadi inakaa upande, lawama zinakuja kwako. RX 6400 nayo ni fupi na inakula wati 53, inavutia kweli. Ila inatumia njia nne tu za sloti, kwa hiyo kwenye boksi za zamani inapoteza sehemu ya nguvu yake, na haina uwezo wa kurekodi video kwa kadi yenyewe. Kijana anayetaka kurekodi anavyocheza aweke TikTok au YouTube, usimpe hiyo.

Mteja mwenye boksi lenye pawa saplai ya kweli, wati 450 au 500 ya kampuni inayojulikana, huyo milango iko wazi. GTX 1660 Super, GB 6, wati 125, ni kadi tamu kwa full HD. RX 6600, GB 8, wati 132, ina nguvu kuipita RX 580 kwa mbali na inakula umeme mdogo. Hiyo ndiyo naiweka kwa mtu wa monita ya Hz 144 anayecheza gemu nzito. Ila usiifunge kwenye i5 ya kizazi cha tatu kisha ukaahidi maajabu, prosesa itaivuta miguu.

RX 580 na 570 ni nyingi sokoni na bei ni laini. Sababu mojawapo ni kwamba zilikuwa zinachimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kuchimbwa kwa kadi, na rundo la kadi likamwagika kwenye soko la used dunia nzima. Kuchimba peke yake hakuui kadi. Zilizopigwa kazi usiku na mchana kwenye vumbi na joto ndizo zimechoka feni na kumbukumbu. Kuna kitu kingine: RX 580 ya 2048SP. Ni RX 580 kwa jina, kwa nguvu ni karibu na RX 570. GPU-Z itakuonyesha: halisi ina sheda 2304, hii ina 2048. Siyo mbaya, iuze, lakini iuze kwa jina lake na bei yake.

Upimaji wangu kwa kadi yoyote used ni dakika ishirini. GPU-Z, kisha FurMark robo saa nikiangalia joto na kusikiliza feni, kisha gemu lenyewe. Vidoti vya rangi vikianza kutokea kwenye picha, kumbukumbu inaondoka hiyo. Narekodi video ya hilo zoezi kwa simu, jina la kadi na namba ya siri ya stika vikionekana, naituma kwa mteja kabla hajalipa. Video moja hii inauza kuliko posti kumi za "bei DM".

Kwenye monita, ukiwa unauza used, washa na uweke rangi tupu moja baada ya nyingine: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Nukta iliyokufa utaiona. Piga picha. Ikiwa ipo moja pembeni, iandike kwenye tangazo na ushushe bei, watu wananunua. Usiiseme ukakuta ameiona mwenyewe, hapo huna la kujitetea. Inchi 24 kwa full HD inakaa vizuri. Inchi 27 kwa full HD picha inaanza kuchanika ukikaa karibu. Na TV ya inchi 32 isiitwe monita ya full HD kabla hujasoma modeli, nyingi ndani ni 1366 kwa 768.

Waya pia ni sehemu ya bei. Kadi za siku hizi hazitoi VGA. Mteja mwenye monita ya zamani yenye VGA tu anahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA, na muuzie wewe, usimwachie ahangaike. Mteja wa Hz 144 mpe waya wa DisplayPort, kwa sababu HDMI za zamani kwenye monita nyingi zinaishia chini ya hapo. Kisha mwelekeze aingie kwenye mipangilio ya skrini ya Windows achague 144 mwenyewe. Isipochaguliwa, Windows inaweza kubaki kwenye 60, na atakaa miezi akijisifu ana monita ya 144.

Kwenye tangazo, mimi siku hizi siuzi kadi peke yake kama naweza. Nauza kombo: kadi, monita na waya vinavyoendana, nimeandika gemu gani nimezipima na fremu nilizoziona kwa macho yangu kwenye kombo hiyohiyo. Mtu anayelinganisha bei ya kadi yako na ya jirani hawezi kulinganisha kombo kirahisi, na wewe unapata faida mara tatu ndogondogo kwa safari moja ya bodaboda. Bei ya kombo iweke wazi. Waranti naandika siku saba za kupima, kwa masharti mawili: stika yangu isichanwe, na asiunganishe waya wa kugeuza kutoka SATA.

Kufunga mzigo: kadi itolewe kwenye boksi la kompyuta isafiri peke yake ndani ya plastiki ya kuzuia chaji na foronya ya povu. Ikisafiri imefungwa kwenye ubao, mashimo ya barabarani yanaing'oa sloti. Monita iwe na kadibodi ngumu mbele ya kioo, na uandike pande zote KIOO. Wabebaji wa stendi wanasoma hilo neno wakiwa na wakati.

Ukishapokea risiti ya basi, itume kwa mteja pamoja na sentensi hii moja, na uitume kama voisi ili asiiruke: "Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, kule chini kwenye matundu yaliyolala, usichomeke juu kwenye matundu ya zamani ya boksi." Simu nyingi za "kadi yako haifanyi kazi" zinazoniingia usiku, nikimwomba apige picha ya nyuma, waya uko juu.